Poti Kifuani: Nilivyoituliza Wiki ya Kwanza

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Nilipowekewa poti ya kemo, yaani kifaa kinachofichwa chini ya ngozi cha kupitishia dawa za saratani, nilijiandaa kuumwa pale pale kilipo, chini kidogo ya mtulinga wa kulia. Pale pakauma, sawa. Lakini kilichoninyima usingizi ni shingo. Sikuweza kugeuka kumtazama mtu bila kugeuza mwili mzima. Labda niliambiwa mapema nikiwa bado na usingizi wa dawa, sijui, ila mimi nilidhani kitu kimekatika huko ndani.

Hakikukatika. Poti ni kidude cha duara, upana kama kifuniko cha chupa ya soda ila kinene zaidi, na kina mpira mwembamba. Daktari hupasua mahali pawili: padogo shingoni na pakubwa kidogo kifuani. Halafu mpira ule unapenyezwa chini ya ngozi, ukipita juu ya mtulinga, mpaka kwenye mshipa mkubwa wa damu shingoni, na ncha yake inateremka hadi karibu na moyo. Ukishawahi kupenyeza lastiki kwenye kiuno cha sketi unaelewa. Kitambaa chote kile kati ya tundu na tundu kinasukumwa. Basi ndiyo maana panauma hata mahali ambapo hapana kidonda.

Dawa ya maumivu usingoje ganzi iishe. Mimi niliwekewa Eldoret, tukarudi kwa gari la shemeji, na ganzi ikaniaga Kapsabet, matuta yote ya mbele yakiningoja. Nilikuwa nimeketi nyuma ya dereva, na mkanda wa upande huo unapita juu ya bega la kulia, yaani juu ya poti yenyewe. Tulisimama nikahamia dirisha la kushoto. Baadaye nilishona kimto kidogo cha vipande vya kitenge, nikakijaza pamba, na sasa nakiweka chini ya mkanda nikikosa nafasi upande ule.

Nilitumia paracetamol ya miligramu 500: vidonge 2, kila baada ya saa 6, na si zaidi ya 8 kwa siku nzima. Ila kabla ya kumeza, pima joto. Dawa hii inateremsha homa, na mtu wa kemo hatakiwi kufichiwa homa yake. Kipimajoto kinakaa sasa kwenye droo ya nyuzi. Siku ya pili jirani aliniletea diklofenaki zilizobaki alipoumwa mgongo, nikameza kimoja. Nilipompigia sista simu alinigombeza kama mtoto. Dawa za aina hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofen, hufanya damu itoke kwa urahisi, na kemo nayo hupunguza chembe zinazogandisha damu. Usiziguse mpaka daktari wako wa kemo akubali.

Barafu ilinifaa kuliko vyote siku mbili za mwanzo. Chupa iliyojaa maji inabingirika kifuani, kwa hiyo nilitia maji nusu, nikailaza ubavu kwenye friji ya mama wa duka ili igande ikiwa bapa. Nikaifunga kwa leso kavu, dakika 15 hadi 20, halafu napumzika. Kamwe usiiweke kwenye ngozi tupu, na usiache plasta ilowe. Wifi yangu alikuja na maji ya moto na kitambaa tayari kunikanda, maana kwetu kila maumivu hukandwa. Nilikataa. Joto kwenye kidonda kibichi huzidisha uvimbe, na kusugua kunaweza kuvuruga kilichowekwa. Marhamu za kuchua misuli pia weka mbali.

Kuhusu kusogeza mkono, hapa nilikosea mwenyewe. Siku tatu nzima nilibana mkono ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa, na siku ya nne bega lenyewe likakauka, nikawa na maumivu mapya juu ya yale ya zamani. Mshono mbichi hauharibiwi na kitambaa kusogea, unaharibiwa na kuvutwa. Kwa hiyo chana nywele, kula, zungusha bega polepole. Epuka yale yanayovuta: kuanika nguo kwenye kamba ya juu, kuinua mtoto, kusukuma mlango mzito. Niliambiwa nisibebe zaidi ya kilo 5 kwa wiki mbili. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, hesabu imeisha. Cherehani ya miguu haikunisumbua, ila mkasi mkubwa na pasi ya makaa nilimwachia mwanafunzi wangu. Na chandarua! Hakuna aliyenionya juu ya chandarua. Kuinua mkono usiku kukichomeka chini ya godoro kulinitoa machozi. Binti yangu ndiye aliyekuwa akinichomekea.

Nililala chali, mito miwili nyuma na mmoja mdogo chini ya mkono wa kulia. Mchana nilivaa shati la mume wangu, la vifungo mbele. Sidiria niliiacha wiki nzima, kwa sababu kamba yake inakaa juu ya poti kabisa. Joto la Kisumu hulegeza plasta kwa jasho, basi nilijifuta kwa kitambaa badala ya kuoga kwa kujimwagia, na plasta ilipobanduka pembeni nilienda ikabadilishwa kliniki. Sikuibandua mwenyewe.

Wageni ni sura nyingine. Mtu anakuja kukupa pole, anakukumbatia kwa nguvu zote, au anakamata mkono wa kulia na kuutikisa mpaka begani. Kutoa wa kushoto ni utovu wa adabu. Nilijifunza kuwahi kushika mikono yao miwili kwa yangu miwili, chini, kabla hawajafika kifuani.

Alama ya kuvilia damu isikutishe: yangu ilianza zambarau ikaishia manjano ya embe bivu. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku, na kwangu baada ya siku 7 ilibaki hisia ya kuvutwa tu. Yakizidi badala ya kupungua, wekundu ukitambaa, usaha ukitoka, au mkono, shingo au uso ukivimba upande wa poti, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Joto likifika 38, ukitetemeka kwa baridi, ukikosa pumzi au kifua kikikubana, usingoje asubuhi. Na ukifika mlangoni, kabla ya jina lako, sema: “Niko kwenye kemo na nina poti.”

Kemo yangu ya kwanza kupitia poti ilikuja siku ya 9, ngozi bado ina kidonda kidogo. Niliomba krimu ya ganzi, nikapakwa saa moja kabla. Sista akaniambia nivute pumzi ndefu, na sindano ikaingia nikiwa katikati ya pumzi. Nilihisi kusukumwa zaidi ya kuchomwa. Uzi wa daktari ulikuwa wa kuyeyuka, mshono wa kuficha, haujavuta ngozi hata mahali pamoja. Nilimwambia sista amfikishie salamu za fundi mwenzake.