Sirapu ya chokoleti ya nyumbani: epua ikiwa bado majimaji

Kama umewahi kupika shira ya kaimati basi nusu ya kazi hii tayari unaijua, na hiyo nusu ndo itakayokuponza. Maana shira ya kaimati na visheti tumefundishwa kuipika mpaka ivute, unabana tone kati ya vidole viwili, unaachanisha, ukiona uzi unaambiwa haya tayari, mimina. Sasa sirapu ya chokoleti ukiifikisha kwenye uzi imeshaharibika, we hujui tu, utajua kesho asubuhi ukishindwa kuitoa kwenye chupa.

Mi nlijua kwa aibu. Nilikuwa ndo naanza anza kuuza milkisheki hapa Dar, nikapata oda ya kicheni pati, glasi kama 60 hivi, nikasema leo nitaonyesha ufundi. Jioni nikapika sirapu, nikaisimamia mwenyewe mpaka ikawa nzito ile ya kushuka polepole kwenye mwiko, nikafurahi, nikajaza kwenye zile chupa za kubinya za tomato sosi. Kesho yake nabinya haitoki. Nabinya tena, kimya. Nikaipiga chupa kwenye kiganja mara ya tatu mdomo ukachomoka, likaruka donge zima mpaka kwenye kitambaa cheupe cha meza ya bibi harusi. Wamama wakacheka, mi sikucheka. Nilivyompigia mama Tanga kumsimulia akaniuliza, "We mwanangu, ulipika shira au ulipika kashata?"

Basi tuanze.

Kwanza unga wenyewe

Hapa ndo watu wengi wanakosea kabla hata hawajawasha jiko. Unahitaji unga wa kokoa mtupu, sio drinkingi chokoleti. Drinkingi chokoleti ina sukari ndani tayari, nyingine na unga wa maziwa juu yake, kwahiyo ukifuata vipimo vyangu utapata kitu kitamu mpaka meno yanauma halafu chokoleti yenyewe huisikii. Geuza kopo usome nyuma, pakiandikwa sukari ndo kitu cha kwanza rudisha kwenye shelfu.

Na kokoa zenyewe ziko aina mbili. Kuna ile ya kawaida, rangi kama udongo mwekundu, ukionja inauchachu kidogo. Na kuna nyeusi nyeusi, hii imetibiwa kwa alkali kuondoa ule uchachu, ni mtindo wa Waholanzi toka karne ya 19, anatajwa mtu mmoja anaitwa Coenraad van Houten, na kwenye kopo utaiona imeandikwa alkali au namba kama E501. Zote zinafaa. Mi kwa milkisheki napenda nyeusi kwasababu maziwa yanapunguza rangi sana, ukitumia ile nyekundu glasi inaonekana kama chai ya maziwa na mteja anahisi umembania. Kwa kumwagia juu ya aiskrimu ile ya kawaida ni tamu zaidi kwa mdomo wangu, ule uchachu unaikata sukari.

Kinachoniuma ni kwamba kokoa inalimwa hapahapa, Kyela kule Mbeya ndo kwao, Morogoro pia ipo, ila punje nyingi zinavundikwa zinaanikwa zinapakiwa kwenye magunia zinaenda zake, halafu sisi tunakuja kununua unga kwenye kopo la nje. Ukipata ya kusagwa nyumbani kutoka kwa mtu wa Kyela chukua, lakini jua ile haijakamuliwa mafuta, kwahiyo sirapu yake itakuwa na mafuta mafuta juu na itaganda zaidi kwenye friji. Ni nzuri, ila sio kwa chupa ya kubinya.

Vipimo

Kokoa kikombe kimoja cha kupimia, usishindilie, kama gramu 85. Sukari kikombe kimoja na nusu, gramu 300. Maji kikombe kimoja na robo, ml 300. Chumvi robo kijiko cha chai. Vanila kijiko kimoja cha chai. Asali kijiko kimoja cha chakula, kama huna kamulia ndimu nusu kijiko cha chai. Inatoka karibu nusu lita.

Chumvi usiiache hata kama unaona haina maana, bila chumvi sirapu inakuwa tamu tu bila ladha. Asali au ndimu kazi yake ni kuzuia sukari isirudi kuwa chenga, ile ile sababu ya watu kutia ndimu kwenye shira ya kaimati. Visheti tunataka sukari ikaukie nyeupe juu, hapa hatutaki kabisa.

Chukua sufuria kubwa kuliko unavyodhani. Ya lita mbili au zaidi. Kokoa ikichemka inafura kama maziwa, tena bila kuaga.

Hatua ya 1: changanya vikavu

Chekecha kokoa kwenye sufuria, weka sukari na chumvi, koroga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Usiruke hii. Kokoa ina mafuta ndani na haipendi maji, ukiimwagia maji ikiwa peke yake inajikunja inatengeneza vidonge vyenye unga mkavu katikati na hutavimaliza hata ukoroge mpaka magharibi. Ukitanguliza sukari zile chenga zinaingia katikati ya unga zinautenganisha, maji yakija yanapata njia.

Hatua ya 2: maji ya moto, kidogo kidogo

Maji yawe ya moto, yale ya kwenye chupa ya chai yanatosha. Mimina kama robo yake tu kwanza, sugua na mchapo au mwiko mpaka upate tope zito linalong'aa, hapo utaanza kusikia harufu ya chokoleti imefunguka. Likishalainika bila kidonge ndo umimine maji yaliyobaki na ile asali au ndimu huku unakoroga. Utaona ni majimaji sana, kama chai ya rangi iliyokolea. Ndivyo inavyotakiwa, usiongeze kokoa!

Hatua ya 3: jikoni

Moto wa wastani kuelekea mdogo. Wa gesi mnajua, wa mkaa funika makaa kwa majivu yabaki yanapumua tu, maana sufuria nyembamba kwenye mkaa mkali inaunguza chini ndani ya dakika moja. Koroga muda wote ukipitisha mwiko kwenye sakafu ya sufuria na zile kona, sio kuzungusha katikati kama unapoza uji.

Itaanza kutoa mapovu pembeni, halafu ghafla inanyanyuka. Ikinyanyuka punguza moto, ikishuka ndo unaanza kuhesabu. Dakika tatu. Nne ikizidi sana. Angalia saa, usiangalie sirapu, kwasababu ukiiangalia sirapu macho yatakudanganya yatakwambia bado, ongeza kidogo, ongeza kidogo, na ndo nilivyomrushia bibi harusi wa watu donge.

Inavyokuwa ni hivi, ikiwa ya moto kila kitu ndani kimelegea, sukari imelegea, mafuta ya kokoa yameyeyuka, na ule wanga wa kwenye kokoa bado haujatulia. Ikipoa vyote vinakaza kwa pamoja. Kwahiyo uzito unaouona jikoni sio uzito utakaoupata kwenye friji, zidisha karibu mara mbili kichwani mwako.

Kama huamini saa fanya hivi, weka kisahani kwenye friza mapema, dondoshea kijiko kimoja cha sirapu, subiri nusu dakika halafu pitisha kidole katikati. Njia uliyochora ikijiziba polepole, epua. Ikijiziba palepale, dakika moja tena. Ikibaki wazi kabisa umeshapitiliza, ongeza maji ya moto vijiko viwili vya chakula ukoroge haraka.

Na watoto wakae mbali, nasema kwa uzito. Maji ya moto yakikurukia yanateleza, hii inaganda kwenye ngozi inaendelea kuunguza. Usilambe mwiko.

Hatua ya 4: vanila, chujio, kupoza

Epua kwanza ndo utie vanila, ukiitia inachemka harufu yote inaenda kwa jirani. Chuja kwa chujio la chai ikiwa bado moto, hata kama unaona haina vidonge chuja tu, kuna vipovu na vimabonge vidogo vinavyoziba mdomo wa chupa.

Kama chini imeungua usikwangue. Mimina ya juu kwenye chombo kingine taratibu, uonje, kama ile harufu ya moshi haijapanda juu umepona. Ikiwa imepanda hakuna vanila itakayoificha, mwaga uanze upya, sukari ya gramu 300 haina thamani ya kumpoteza mteja.

Halafu iache ipoe wazi, umeifunika na kitambaa safi tu kuzuia inzi. Usiweke mfuniko ikiwa na mvuke! Mvuke unapanda unagonga mfuniko unageuka maji unadondoka juu ya sirapu, pale juu panakuwa pepesi na ndo ukungu unapoanzia. Mi nimemwaga chupa mbili kabla sijajua, nikawa namlaumu muuza friji.

Kuhifadhi

Chupa ya kioo ioshe, ichemshe dakika kumi, iache ikauke yenyewe. Ya plastiki usiichemshe itajikunja, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza, ikaushe kabisa. Neno ni kavu. Tone la maji ndani ya chupa ni baya kuliko unavyodhani.

Kwenye friji nakaa nayo wiki tatu, hata na umeme wa kukatika katika, mradi hujachovya kijiko kilichotoka kwenye maziwa. Mezani kwa joto hili la Dar usiiache. Watu wanadhani kwakuwa ina sukari nyingi itajihifadhi kama asali, hapana, maji yaliyomo humu ni mengi mno kwa hilo. Ikibadilika harufu, ikitoa vipovu yenyewe au ukiona kidoa cha ukungu juu, usichote ukabakiza ya chini, yote nje.

Wengine wanatumia maziwa badala ya maji, inakuwa laini kweli, lakini hiyo imalize ndani ya siku tano, na biashara usiifanyie.

Ikikugomea

Imekuwa nzito mno: usiirudishe kwenye moto. Weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, ikilegea ongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja, tikisa. Nyepesi mno baada ya kulala friji: hiyo rudisha jikoni dakika moja, pima kwa kisahani. Ina chenga za sukari: irudishe kwenye sufuria na vijiko vitatu vya maji na ndimu kidogo, chemsha mpaka chenga ziyeyuke zote, na siku nyingine futa zile sukari zilizoshika kwenye kuta za sufuria kabla hazijaangukia ndani, hizo ndo zinaanzisha fujo. Chungu mno: sio kosa, ni kokoa yako, ongeza chumvi punje chache kabla hujaongeza sukari halafu uonje tena.

Matumizi

Milkisheki ya glasi moja mi natia vijiko vitatu vya chakula kwenye blenda na kimoja nachora kwenye kuta za glasi, glasi iwe imetoka friza la sivyo mchoro unateremka wote chini kabla mteja hajapiga picha. Kwenye glasi ya maziwa baridi natia viwili. Kahawa ya barafu kimoja kinatosha.

Na kaimati, ndio, nimezijaribu. Ukizitumbukiza kwenye sirapu kama tunavyofanya kwenye shira zinanyonya zinalainika zinakuwa kama mkate uliolowa. Ziache zipoe kidogo zishike ukavu wa nje, pasha sirapu kwenye bakuli la maji ya moto, halafu mwagia juu mezani watu wakiwa wameshakaa. Mama alipokuja Dar nikampikia, akala sita, akasema shira yangu nyepesi.