Somo: Wikendi ya begi mgongoni Hampi kwa wanafunzi mlioko Bengaluru

Habari zenu wadau. Kila muhula ukianza naona maswali yaleyale ya wanafunzi wapya kutoka nyumbani, wapi pa kwenda wikendi bila kuchoma hela ya ada, na wengi wanaishia kuzunguka maduka makubwa ya Bengaluru miaka mitatu yote mpaka wanamaliza digrii wanarudi Dar au Mombasa hawajaona hata mji mmoja wa kale wa nchi waliyosomea. Inaniuma sana. Kwa hiyo leo natoa somo la safari moja tu, Hampi, kwa sababu ukishaimudu hii zingine za India zinaenda kwa mtindo huohuo. Na niseme mapema, safari hii inaamuliwa na vitu viwili kabla hujatoka geto: tiketi ya treni, na kitanda kwenye gesti inayopokea wageni wa nje. Mengine yanarekebishika njiani.

Kwa asiyepajua, Hampi ni magofu ya mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, humuhumu jimbo la Karnataka, kando ya mto Tungabhadra. Ulikuwa mji tajiri kweli mpaka 1565, majeshi ya masultani wa Dekani walipowashinda kwenye vita vya Talikota, mji ukaporwa, ukabomolewa, watu wakahama. UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia 1986. Toa noti ya rupia 50 ile ya bluu uigeuze nyuma, lile gari la mawe lenye magurudumu liko Hampi, unaenda kusimama mbele yake.

Hatua ya 1: kundi

Watu sita ndo idadi nzuri kuliko zote. Tiketi moja ya treni inabeba abiria mpaka sita, kwenye behewa la kulala kijichumba kimoja kina vitanda sita vinavyotazamana (na viwili vya pembeni ng'ambo ya njia), halafu mkishuka mnaingia bajaji mbili, watatu watatu. Mkiwa kumi na mbili kila kitu kinakuwa mkutano wa hadhara. Chagueni mmoja wa kushika hela na mmoja wa kushika tiketi, na hela ichangwe kabla, sio kudaiana stesheni.

Hatua ya 2: tiketi

Hapa tulieni, ndo panapoua safari nyingi.

Treni yenu ni Hampi Express, namba 16592. Inatokea Mysuru, inapita stesheni kuu ya KSR Bengaluru (Majestic) usiku, asubuhi mnaamkia Hosapete, ambayo ni stesheni ya mji ulio kilomita 13 hivi toka Hampi. Kurudi ni 16591, nayo ya usiku. Maana yake mnaondoka Ijumaa usiku, mnarudi Jumatatu asubuhi, na usiku mbili za kulala mmezilipia ndani ya nauli. Kitanda cha daraja la kawaida, wenyewe wanaita sleeper, ni chini ya rupia 400 kwenda. Hakuna kiyoyozi na hawatoi shuka, kwa hiyo beba khanga au shuka lako. Ukitaka kiyoyozi na shuka na blanketi unapanda 3A, bei inaongezeka zaidi ya mara mbili.

Tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari (zamani zilikuwa 120, wakapunguza Novemba 2024). Kata mapema mdau, hasa wikendi iliyogusana na sikukuu kama Dasara au Diwali, hapo treni zinajaa kupita kiasi. Ukifungua apu ya IRCTC, ile ya kukatia tiketi za treni, utakutana na maneno matatu. CNF maana yake kitanda chako kipo. RAC maana yake unaruhusiwa kupanda lakini mnagawana kitanda kimoja cha pembeni watu wawili, mnakaa tu, labda mtu afute safari. WL ni foleni, na ikitoka orodha ya mwisho ya abiria bado uko WL kwenye tiketi ya mtandaoni, tiketi inafutika yenyewe na hela inarudi, HUPANDI. Usidanganywe na mtu eti panda tu utaongea na TTE (mkaguzi wa tiketi).

Kuna tiketi za dharura zinaitwa Tatkal, zinafunguliwa siku moja kabla, saa nne asubuhi kwa mabehewa ya kiyoyozi na saa tano kwa sleeper, saa za India. Wanafunzi wa zamani walikuwa wanategemea sana hizi. Sasa hivi tangu Julai 2025 kuzikata mtandaoni lazima akaunti yako iwe imethibitishwa na Aadhaar, ile namba ya utambulisho ya India. Mgeni anayeishi hapa siku 182 au zaidi ndani ya miezi 12 anaruhusiwa kuomba Aadhaar, kwa hiyo kama una muda huo nenda kaombe, itakusaidia na mambo mengine. Kama huna, sahau Tatkal, kata mapema.

Na pasipoti halisi ibebwe. TTE akipita anataka kitambulisho halisi, picha kwenye simu inaweza kukuletea maneno usiku wa manane.

Hatua ya 3: gesti na Fomu C

Sheria ya India inaitaka kila nyumba inayolaza mgeni wa nje ijaze taarifa zake mtandaoni ndani ya saa 24, kwenye fomu inayojulikana kama Fomu C. Gesti nyingi za bei ya chini hazijajisajili kwa hiyo fomu au hazitaki usumbufu, na apu ya kukata vyumba haikwambii, inapokea hela yako vizuri tu, halafu unafika mapokezi na begi mgongoni saa moja asubuhi jamaa anaangalia pasipoti anasema wageni wa nje hatupokei. Imetukuta kwenye mji mwingine, sio Hampi, tukakaa kwenye baraza na mabegi huku tunapiga simu huku na huku. Sio kila mara ni ubaguzi, saa ingine ni fomu tu, lakini anayelala nje ni wewe.

Kwa hiyo piga simu, usitume ujumbe, PIGA, uliza maswali mawili: mnapokea wageni wa nje? Mnajaza Fomu C? Akisita, achana naye. Hampi yenyewe imezoea wageni kwa hiyo sio ngumu, gesti za kifamilia ziko karibu na hekalu la Virupaksha, zingine ziko ng'ambo ya mto upande wa Anegundi na Sanapur. Ukisoma miongozo ya zamani itakutajia kisiwa cha mahipi, Virupapur Gaddi. Zile gesti zilibomolewa 2020 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, usihangaike kupatafuta. Beba pasipoti, viza na kibali chako cha kuishi cha FRRO (ofisi ya kusajili wageni), na kopi za vyote.

Hatua ya 4: begi

Begi moja la mgongoni, dogo. Nguo za siku mbili, kandambili (kwenye mahekalu unavua viatu mara kwa mara, raba za kamba zitakuchosha), raba za kupandia mawe, kofia, tochi, pawabenki, chupa ya maji, dawa ya mbu, na mnyororo mdogo wenye kufuli wa kufungia begi chini ya kitanda cha treni, unauzwa stesheni. Basi.

Hatua ya 5: mkishafika

Hosapete stesheni madereva wa bajaji watawazunguka, patana kwanza ndo uingie. Basi la kawaida lipo pia na ni la bei ya chini sana.

Jumamosi fanyeni vya bure. Hekalu la Virupaksha bado linafanya ibada mpaka leo, watu wanaomba mle, kwa hiyo vaa kwa heshima na usipige picha mtu anayesali. Toka hapo pandeni kilima cha Hemakuta, ni kifupi, mkae tu muangalie. Mimi hapo ndo huwa naelewa ukubwa wa ule mji, maana kila upande ni majabali ya graniti ya rangi ya kahawia yamepandana, na katikati yake nguzo, mageti, misingi ya masoko, mpaka macho yanachoka na bado hujaona mwisho. Mwanafunzi wa historia hapa anaweza kukaa mwezi.

Jumapili muamkie kilima cha Matanga mkaone jua linavyochomoza, mpande wote pamoja na tochi, mawe yanateleza. Baada ya hapo ndo mlipie tiketi ya kiingilio. Mgeni wa nje analipa rupia 600, raia wa India 40, na kitambulisho cha chuo hakikuokoi. Tiketi hiyohiyo inaingia hekalu la Vittala lenye gari la mawe, na eneo la Zenana lenye Lotus Mahal na mazizi ya tembo, lakini ni kwa siku hiyohiyo moja, ndo maana nasema msiikate jioni. Kodini baiskeli. Nyani wapo wengi, usishike ndizi mkononi.

Hela: UPI (malipo ya simu) inafanya kazi karibu kila mahali kama una akaunti ya benki ya hapa, ila bebeni keshi ya chenji, mtandao kule una siku zake.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mysuru: Mkuu, mimi niko Mysuru wenzangu Bengaluru, tukate tiketi moja?
Jibu: Hapana mdogo wangu, tiketi moja ina kituo kimoja cha kupandia. Kata yako toka Mysuru, wenzako wakate yao, treni ni ileile mtakutana ndani. Kitanda cha katikati kinafunguliwa saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya hapo mnakaa wote chini mnapiga stori.

Dada wa uuguzi: Sisi ni wasichana watatu tu, inafaa?
Jibu: Inafaa dada, ila ombeni vitanda vya juu, hakuna wa kuwapita pita. Namba 139 ni ya msaada wa reli, 112 ni ya dharura nchi nzima, zihifadhini. Giza likiingia muwe gesti, magofu na kando ya mifereji kule hakuna taa wala watu. Na mtaangaliwa, mtaombwa selfi, kuna watakaotaka kugusa nywele. Una haki ya kusema hapana, na isiwe kwa kuomba radhi.

Mdau: Nyama ya halali inapatikana?
Jibu: Pale kijijini Hampi ni mahali patakatifu, nyama na pombe haziuzwi. Kula dosa, idli, na sahani ya wali na mchuzi wa dengu unayoongezewa. Ukishindwa kabisa subiri Hosapete.

Mdau: Mimi na mchumba wangu tunaweza kuchukua chumba kimoja?
Jibu: Sheria haikatazi, ila kuna wenye gesti wanakataa wasiooana. Ongeza hilo kuwa swali la tatu kwenye simu.

Mdau: Aprili tuna likizo, twende?
Jibu: Mimi singekwenda. Machi mpaka Mei joto linagusa nyuzi 40 na yale mawe yanarudisha moto. Oktoba mpaka Februari ndo wakati wake.

Mdau: Jumatatu nina kipindi saa tatu asubuhi na chuo kinabana mahudhurio asilimia 75.
Jibu: Treni inafika mapema asubuhi lakini kuchelewa ni kawaida. Kama uko kwenye asilimia 76 usije, subiri wikendi yenye sikukuu Jumatatu.

Mdau: Nimesikia Karnataka kuna watu weusi wenye asili ya kwetu, treni hiyo inafika?
Jibu: Ndio, ni Wasiddi. Mababu zao walitoka Afrika, wengi waliletwa kama watumwa kwa meli za Wareno na Waarabu, na leo wanaishi vijiji vya misitu upande wa Yellapur na Haliyal. Hampi Express inaendelea mpaka Hubballi, huko ndo unapata basi la kwenda upande wao. Lakini usiende kuwapiga picha kama maonyesho, wamechoka na hayo. Nenda kwa kupitia mtu wanayemfahamu, mwalimu wako au mwanafunzi wa Kisiddi pale chuoni, akupeleke kwao kama mgeni. Na hiyo haitoshi wikendi moja, tenga likizo.