Mgeni Siku ya Tatu: Namna ya Kulea Jumuiya ya Uigizaji katika Michezo ya Mtandaoni

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika seva ya uigizaji, yaani ulimwengu wa mchezo ambamo wachezaji wengi hukutana kwa mtandao, huzurura. Hupita sokoni, hutazama nyumba ambazo wenzake wamezijenga, husalimia mmoja au wawili, kisha hutoka, na aghalabu harudi tena. Nimeliona jambo hili mara nyingi katika seva ndogo tunayoiendesha sisi wachezaji wachache wa Kisumu na Kakamega, na kwa muda mrefu tulidhani kwamba kilichowafukuza watu ni uzito wa intaneti au uchache wa magari na majengo. Tulikosea. Mgeni hakuwa na kazi ya kufanya, wala hapakuwa na mtu aliyemhitaji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika michezo hii, siku ya tatu huwadia baada ya dakika kumi.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari ana seva, au ana kundi la marafiki wanaokusudia kuianzisha. Namna ya kusakinisha programu imeelezwa kwingi, kwa hiyo sitaigusa. Nitakalolieleza ni namna ya kuwafanya watu wabaki.

Uigizaji ninaouzungumzia ni ule ambao mchezaji hatafuti kushinda bali huvaa uhusika wa mtu mwingine, akayaishi maisha ya mtu huyo mbele ya wenzake wanaofanya vivyo hivyo. Si jambo jipya. Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kuunda MUD mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na ingawa mchezo huo ulikuwa wa maandishi matupu, watu waliweza kukutana ndani yake wakiwa si wao. World of Warcraft ulipozinduliwa mwaka 2004 ulitenga seva maalumu kwa ajili ya waigizaji. Baadaye wachezaji wenyewe walitengeneza programu za kuugeuza Grand Theft Auto: San Andreas kuwa mchezo wa watu wengi, na FiveM ikafanya hivyo kwa Grand Theft Auto V. Kwetu huku, uamuzi hutegemea mashine zilizopo. San Andreas huendeshwa hata na kompyuta ya mtumba iliyochoka, na Minecraft, mchezo wa kujenga kwa matofali, una toleo la simu. Chagueni mchezo ambao walio wengi wanaweza kuucheza walipo, hata kama wewe mwenye seva unaupenda mwingine.

Kazi zinazotegemeana

Kosa la seva nyingi ni kumpa kila mchezaji uwezo wa kujitosheleza. Duka linaloendeshwa na kompyuta humuuzia samaki, bunduki, mkate na gari, naye akishanunua vyote hana sababu ya kuzungumza na mtu. Maduka hayo yaondolewe, au yabakie yale ya vitu vya lazima kabisa, na kila kazi iwekwe ikimhitaji mtu wa kazi nyingine.

Sisi tulijenga ufuo wa ziwa katika Minecraft, kwa kuwa ndio tunaoujua. Mvuvi wa omena, dagaa wa ziwani, hawezi kuondoka bila taa, na taa huchajiwa na mtu mmoja tu mwenye kibanda cha sola. Akirudi alfajiri, omena huchukuliwa na kina mama wanaoianika juani; mvua ikinyesha kabla haijakauka, hasara ni yao, kwa hiyo hapo pana mazungumzo ya bei, ya deni na ya lawama. Mwenye tuktuk huipeleka sokoni. Mwenye hoteli hungoja mbuta (sangara), na mbuta akikosekana huwa na maneno mengi kwa wavuvi. Mgeni akiingia, huelekezwa kwa yeyote kati ya hawa anayehitaji msaidizi usiku huo, na kufikia mwisho wa saa ya kwanza amekwisha kukopa, kukopwa au kulaumiwa, naye ana sababu ya kurudi kesho.

Kalenda nayo husaidia kuliko nilivyotarajia. Wavuvi wa Ziwa Victoria huvua omena kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali uvuvi hupungua, nyavu zikashonwa. Katika Minecraft siku moja ni dakika 20, na mwezi hupitia hatua 8, kwa hiyo mzunguko mzima wa mwezi huchukua saa mbili na dakika 40, ambazo ni kipindi kizuri cha jioni moja. Tulikubaliana kwamba usiku wa mwezi mpevu hakuna mtumbwi unaotoka. Ndipo harusi, matanga, mikutano na ugomvi wa ufuoni vikapata wakati wake. Jambo moja la kiufundi lisisahaulike: seva ipangwe ili usiku usirukwe wachezaji wanapolala kitandani, la sivyo kalenda yote huvurugika.

Mpaka kati ya mchezaji na mhusika

Jumuiya nyingi huvunjika hapa. Mhusika wako akiibiwa, wewe hujaibiwa; mhusika wako akitukanwa na mwenye hoteli, anayeendesha mwenye hoteli huenda ni rafiki yako wa dhati. Maneno haya ni rahisi kuyasema, lakini saa tano usiku, baada ya kupoteza mtumbwi ulioujenga kwa wiki mbili, mpaka huo huyeyuka. Ndiyo maana unahitaji alama zinazoonekana. Desturi iliyoenea katika seva za maandishi ni kuweka mabano mawili pale mchezaji anaposema kwa nafsi yake, kwa mfano ((samahani, naitwa mezani, nitarudi)), na kutumia amri ya /me kwa tendo la mhusika na /do kwa hali ya mahali alipo. Mgeni afundishwe alama hizi tatu kabla ya kitu kingine chochote.

Lipo pia kosa la kumtendea mwenzako bila kumpa nafasi ya kujibu, na Kiswahili hulifanya liwe jepesi zaidi kwa sababu kiambishi kimoja cha mtendwa hukamilisha tendo. Anayeandika "/me anamfunga pingu" amekwisha kuamua kwa niaba ya watu wawili. Sheria yetu ni kwamba kila tendo linalomgusa mwili mhusika mwingine lianze na "anajaribu": "/me anajaribu kumshika mkono." Mwenzake ndiye atakayesema kama mkono umeshikwa. Kosa la pili ni mhusika kutumia habari ambazo mchezaji amezipata nje ya mchezo, labda katika kundi la WhatsApp, akaenda moja kwa moja mahali nyavu zilipofichwa ingawa hakuna aliyemwambia. Kulithibitisha ni kazi ngumu, nami hushauri msimamizi aanze kwa kumuuliza mchezaji, "Mhusika wako alilijuaje hilo?" Mara nyingi swali hilo peke yake hutosha.

Katika michezo ya uigizaji ya mezani kuna kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo mchezaji yeyote huigusa ili tukio linalomwumiza liachwe bila yeye kudaiwa sababu. Sisi tunatumia neno "kata", kama aliyesimama nyuma ya kamera. Mtu akiandika ((kata)), tukio husimama, linarukwa, na hakuna anayeruhusiwa kumhoji. Wapo waliohofia kwamba neno hilo lingetumiwa na watu wanaokwepa kushindwa. Limetumiwa mara chache sana, na kila mara kwa sababu niliyoiheshimu.

Kabila lisiwe kichekesho

Miongozo ya ng'ambo haina sura hii, nasi hatuwezi kuikwepa. Mtu anapoigiza Mkenya, upesi sana huvaa lafudhi, na lafudhi hufuatwa na mzaha tunaoujua sote: huyu anapenda pesa, huyu anapenda kujionyesha, huyu anapenda chakula. Mzaha huo huvumilika baina ya marafiki wanaotazamana usoni, lakini katika seva yenye watu wa Nakuru, Kisumu, Busia na Kisii wasiofahamiana, kicheko cha leo huwa kidonda cha kesho. Miji yetu inakumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliifanya kauli ya chuki ya kikabila kuwa kosa. Sidhani kwamba mahakama ingekubali utetezi kuwa aliyeyasema ni mhusika.

Sheria yetu imeandikwa hivi: mhusika anaweza kuwa Mluo, Mluhya, Mkisii, Mkikuyu au Mkalenjin, lakini kabila lake lisiwe ndilo kichekesho wala ndiyo sababu ya kumdhuru. Majina ya vyama na wanasiasa halisi hayatumiki; anayetaka kuigiza uchaguzi awanie uenyekiti wa ufuo. Lugha za nyumbani hatukuzizuia, kwa kuwa ufuo usio na Dholuo, lugha ya Waluo, ungekuwa wa bandia, lakini anayezitumia huongeza mstari wa /do kwa Kiswahili ili asiyeelewa asiachwe nje. Jambo hilo dogo liliwabakiza wachezaji kadhaa wa Nakuru ambao hapo awali walikuwa wakitoka bila kuaga.

Intaneti, umeme na saa

Data inayotoka Kisumu kwenda kwenye seva iliyoko Ulaya kwa kawaida hushuka kwanza hadi Mombasa, ambako nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, kisha ndipo huvuka bahari. Kwenda na kurudi mara nyingi hupita milisekunde 100. Katika mbio za magari na polisi, ucheleweshaji huo humtia mchezaji wetu ukutani. Katika mazungumzo ya bei ya omena, hakuna anayeuhisi. Jengeni hadithi juu ya mazungumzo. Sauti nayo si ghali kama wengi wanavyodhani: kiwango cha kawaida cha chaneli ya sauti ya Discord, programu ya mazungumzo ya wachezaji, ni kilobiti 64 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya mtu mmoja anayezungumza mfululizo kwa saa nzima hula takriban megabaiti 29 za bando. Hata hivyo njia ya maandishi iachwe wazi daima, kwa ajili ya anayecheza chumba kimoja na wadogo zake waliolala.

Seva nyingi humwadhibu anayetoka katikati ya tukio, zikimhesabu kuwa amekimbia. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, sheria hiyo ni dhuluma. Sisi humngoja aliyetoweka kwa dakika 15. Asiporudi, mhusika wake huhesabiwa kuwa amezimia, na tukio huendelea siku nyingine kutoka pale pale. Na kila tangazo litaje saa kwa namna mbili, saa 2 usiku na 20:00, kwa sababu kijana aliyezoea saa za Kiingereza husoma saa 2 akaja usiku wa manane.

Chifu na msimamizi

Ugomvi wa wahusika upelekwe kwa chifu, katika baraza, ndani ya mchezo. Huo ni uigizaji, tena wa aina bora. Ugomvi wa wachezaji uende kwa wasimamizi, nje ya mchezo, kwa faragha. Ili mambo haya mawili yasichanganyike, msimamizi asimwendeshe mhusika mwenye mamlaka. Nilivunja kanuni hii mimi mwenyewe, nikawa chifu na msimamizi kwa wakati mmoja, na kila hukumu niliyoitoa barazani ikachukuliwa kuwa tishio la kufungiwa. Nilimwua chifu wangu kwa malaria, tukamzika vizuri. Malalamiko yasikilizwe na wasimamizi wawili ambao hawakuwapo katika tukio, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake.

Kuhusu fedha, michango ya M-Pesa ishikwe na mweka hazina kama katika chama cha akiba, na hesabu ionyeshwe kila mwezi. Mojang, waundaji wa Minecraft, waliweka wazi mwaka 2014 kwamba seva za mchezo huo haziruhusiwi kuuza vitu vinavyompa mnunuzi nguvu kuwashinda wengine, nayo Rockstar, kampuni ya Grand Theft Auto, mwaka 2022 ikapiga marufuku visanduku vya bahati (vinavyonunuliwa bila kujua kilichomo) na sarafu za kidijitali katika seva za uigizaji. Hata bila makatazo hayo, mtumbwi ulionunuliwa kwa pesa taslimu huua kazi ya fundi wa mitumbwi. Kuhusu watoto, ambao hujaa shule zinapofungwa, msikusanye nakala za vitambulisho wala majina ya shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Matukio ya watu wazima yawe na chaneli yake au yasiwepo.

Hatimaye seva hufungwa, kwa sababu mwenye kompyuta amepata kazi Nairobi au kodi ya seva imewashinda. Tangazeni mwezi mmoja mapema, ili kila mchezaji apate muda wa kumwandikia mhusika wake mwisho anaoutaka: mwingine atahama, mwingine atalipa deni la omena alilolikwepa mwaka mzima. Usiku wa mwisho uwe wa mwezi mpevu, mitumbwi yote ikiwa ufuoni. Kisha faili la ulimwengu huo linakiliwe, na kila anayelitaka apewe, hata kama itabidi alifuate mjini na flashi yake mkononi.