Kulinda Mgongo wa Muuguzi: Kazi Ianzie Wodini

Kumnyanyua mtu si sawa na kubeba gunia: hana pa kushika, hugeuka ghafla, na humlazimu muuguzi kuinama mbele akiwa amenyoosha mikono. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inashauri kikomo cha kilo 16 katika kumnyanyua mgonjwa kwa mikono. Mguu mmoja wa mtu mwenye kilo 100 unakaribia hapo.

Ili kupunguza unyanyuaji huo wodini, undeni kikundi cha watu watano hadi saba: wauguzi wa zamu zote, mhudumu wa wodi, mtaalamu wa fiziotherapia, fundi wa hospitali, na mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha fedha. Huyo wa mwisho akikosekana, mapendekezo hufia daftarini.

Wiki ya kwanza bandikeni mchoro wa mwili, mbele na nyuma, katika chumba cha wauguzi. Kila mmoja atie nukta panapomuuma, bila jina. Wakiogopa kuonekana wadhaifu, wataficha. Wiki ya pili fuataneni na zamu, hasa ya usiku ambapo watu ni wachache. Andikeni kila mgonjwa anaponyanyuliwa: mara ngapi, na watu wangapi, kitanda kina kimo gani. Kisha chagueni kazi moja tu ya kurekebisha.

Mara nyingi itakuwa kumvuta juu mgonjwa aliyeporomoka kitandani. Fungeni breki. Lazeni kitanda kiwe bapa ikiwa upumuaji wake unaruhusu, mkipandishe hadi kiunoni kwa aliye mfupi kati yenu. Mgeuzeni ubavu, mpitishe chini yake shuka la kutelezesha (kitambaa laini kinachoteleza kwa urahisi) kuanzia mabegani hadi makalioni. Akiweza, akunje magoti na asukume kwa nyayo. Hesabuni pamoja, mtelezeshe bila kumnyanyua, mkihamisha uzito kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele. Toeni shuka mara moja. Likisahaulika, ataporomoka tena, pengine hadi sakafuni.

Kitanda kisichopanda wala kushuka kinamhitaji fundi, lakini msikiinue kwa matofali: kitayumba, na mgonjwa anayejishukia mwenyewe ataanguka.

Jaribuni wiki nne, kisha bandikeni mchoro mpya mlinganishe nukta. Shuka lisipotumika, msimlaumu muuguzi kabla ya kuangalia liko wapi. Likifungiwa stoo, au likipotelea kwa dobi, halitatumika. Litundikwe karibu na vitanda, la akiba liwepo, na zamu ya usiku ilifikie bila kutafuta ufunguo.