SOMO: Jinsi ya kuchagua bakshoti inayoendana na shotgani yako

Wakuu, leo tuongee kuhusu bakshoti, yaani yale marisau makubwa ya shotgani. Watu wengi wenye bunduki zao kihalali kabisa wanaenda dukani wanaomba "nipe zile kubwa", wanapewa boksi wanaondoka, hawajui ndani mna chembe ngapi, hawajui zikitoka mtutuni zinatawanyika vipi, afu mtu anampiga mnyama kwa chembe mbili pembeni, mnyama anakimbia na jeraha anaenda kuteseka porini mpaka anakufa na nyama haipatikani. Hilo linaniuma sana na linazuilika. Twende hatua kwa hatua, ila hatua ya nne ndiyo yenyewe, hizo nyingine zinakuandaa tu kufika hapo.

HATUA YA 1: Soma mtutu kwanza, boksi baadaye

Pembeni ya mtutu karibu na chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) kuna maandishi yamegongwa, tafuta vitu viwili, geji na urefu wa chemba. Geji 12 tundu lake ni kama milimita 18.5, geji 20 ni kama 15.6, namba ikipanda tundu linapungua, kwa sababu namba ni ile hesabu ya zamani ya mipira mingapi ya madini ya risasi yenye upana wa tundu hilo inatimiza ratili moja. Ile shotgani ndogo ya .410 haimo kwenye hesabu hiyo, yenyewe ni kipimo cha inchi.

Urefu wa chemba sasa. Kwa geji 12 utakuta inchi 2¾ (mm 70), inchi 3 (mm 76) au inchi 3½ (mm 89). Watu wanaumia hapa kwa sababu urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kufyatuliwa, sio likiwa bado limekunjwa mdomo. Kwa hiyo risasi ya inchi 3 inaweza ikaingia vizuri tu kwenye chemba ya inchi 2¾ na bunduki ikafunga, ukaona mambo safi, kumbe ukifyatua mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka na presha inapanda kupita ile bunduki iliyotengenezewa. Fupi kwenye chemba ndefu haina shida, ndefu kwenye chemba fupi usithubutu. Na zipo bunduki za zamani zenye chemba ya mm 65 ambazo hata hiyo mm 70 ya kawaida haizifai, kwa hiyo kama maandishi yamefutika mpelekee fundi bunduki apime, usikisie.

Halafu geji 12 na geji 20 zisikae mfuko mmoja hata siku moja. Ya 20 ukiitumbukiza kwenye chemba ya 12 inateleza inaenda kukwama mbele, unachungulia unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka na mkono wako wa kushoto upo hapo hapo. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa kawaida yanatengenezwa ya njano, ili jicho lishtuke.

HATUA YA 2: Saizi ya chembe

Namba zinaenda kinyume, ndogo ndiyo chembe kubwa, na sifuri zikiongezeka chembe inazidi kunenepa. 000 ina upana wa mm 9.1, 00 ni mm 8.4, 0 ni mm 8.1, namba 1 ni mm 7.6 na namba 4 ni mm 6.1. Wanaotumia maboksi ya mtindo wa Kiingereza, SG ni sawa na 00 na LG ni sawa na 000, usichanganyikiwe.

Risasi ya kawaida ya geji 12 inchi 2¾ inabeba chembe 9 za 00, au 16 za namba 1, au 27 za namba 4. Sasa mtu akisikia 27 anaona ndiyo bora, nyingi si ndiyo nzuri? Hapana mkuu. Chembe moja ya 00 ina kama gramu 3.5, ya namba 4 ina kama gramu 1.3 tu, hiyo nyepesi inapoteza kasi haraka na haizami ndani kama nzito. Mimi kwa mnyama mkubwa kiasi natumia 00, na namba 1 ikipatikana naiheshimu sana maana inakupa chembe nyingi zaidi bila kupoteza uzito kupita kiasi. Namba 4 ni ya wanyama wadogo na karibu. 000 inagonga vizuri lakini chembe zake chache zinaacha mapengo. Wenye geji 20 mara nyingi mtakuta namba 3, chembe za mm 6.4, basi jueni mipaka yake na msogee karibu.

HATUA YA 3: Kilichomo ndani ya ganda

Maboksi mawili yameandikwa 00 chembe 9 yote, na yanaweza kupiga tofauti kabisa. Angalia kama marisau yamechanganywa na madini ya antimoni ili yawe magumu, kama yamepakwa shaba, na kama yamejazwa unga wa plastiki katikati. Baruti ikilipuka chembe zote zinasukumwa kwa nguvu mara moja, za nyuma zinabanwa na za mbele, na kama ni za madini ya risasi laini zinabonyea, na chembe iliyobonyea hairuki moja kwa moja, inapinda njia. Afu kuna kikombe cha plastiki kinachozibeba, vingine kama FliteControl ya kampuni ya risasi ya Federal vimetengenezwa kuzishikilia chembe muda mrefu zaidi baada ya kutoka mtutuni kwa hiyo kundi linabaki limebanana.

Kasi: ya kawaida ni kama mita 400 kwa sekunde, za teke dogo zinacheza kwenye 350 hivi. Usiogope hizo za teke dogo, mara nyingi kundi lake ni zuri na bega linakushukuru.

HATUA YA 4: Karatasi

Nunua maboksi madogo ya aina mbili tatu, usibebe shehena ya aina moja. Tafuta karatasi kubwa, upana wa mita moja na zaidi, ibandike sehemu halali ya kulengea yenye kingo nene ya udongo nyuma, maana chembe ya 00 inaweza kuruka zaidi ya mita 500 ukiiachia juu. Vaa miwani na kinga ya masikio. Chora duara la sentimita 25 katikati, afu piga ukiwa mita 10, karatasi mpya, mita 15, karatasi mpya, mita 20, mita 25. Kila umbali piga risasi tatu au zaidi, kila moja karatasi yake, maana karatasi moja inadanganya.

Halafu hesabu matundu. Kwa risasi za kawaida kundi linapanuka kama sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 unaweza kukuta limeshafika nusu mita, yaani nje kabisa ya duara lako. Karibu sana unaona tundu moja lililochanika kingo, ukirudi nyuma yanaanza kuachana, na ukizidi kurudi unakuta manane yamekaa pamoja na la tisa liko peke yake juu kule kiganja kizima kutoka kwa wenzake. Hilo la tisa lichukulie serious, kwenye karatasi ni tundu tu lakini siku ya siku limeenda mahali na wewe ndiye uliyelituma.

Umbali wa mwisho ambao chembe ZOTE zimebaki ndani ya duara kila mara, huo ndio mwisho wako kwa risasi hiyo na bunduki hiyo. Kama ni mita 12 ni 12, usijiongezee. Na bunduki mbili za kampuni moja modeli moja zinaweza kutofautiana, kwa hiyo matokeo ya rafiki yako ni ya rafiki yako.

HATUA YA 5: Andika na hifadhi

Andika kwenye boksi umbali uliopata, choki uliyotumia (kile kibano cha mdomo wa mtutu) na namba ya toleo la kiwandani. Weka pakavu pasipo joto kali, risasi zifungiwe mbali na bunduki, watoto wasifike.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu nimeona 00 za chembe 8 na za chembe 9, si bora nichukue 9 nipate ya ziada?

Jibu: Jaribu zote mbili kwenye karatasi. Mitutu mingi ile ya nane inakaa pamoja zaidi, na ile chembe moja inayokimbia peke yake inapungua au haipo kabisa. Nane zote ndani ni bora kuliko tisa moja ikiwa nje.

Mdau: Nikifunga choki ya kubana kabisa si ndiyo kundi linakuwa dogo?

Jibu: Kwa marisau madogo ya ndege mara nyingi ndiyo. Kwa bakshoti sio lazima, chembe kubwa zikibanwa sana zinagongana na kubonyea na kundi linaharibika. Vile vikombe vya kushikilia vinafanya vizuri zaidi kwenye mtutu wazi au choki ya kubana kidogo. Soma kwanza mtengenezaji wa choki anaruhusu nini.

Mdau: Semi otomatiki yangu (ile inayojipakia yenyewe) inakataa kutema ganda nikitumia za teke dogo, imeharibika?

Jibu: Huenda haijaharibika, inahitaji nguvu zaidi kujiendesha. Isafishe, jaribu za kasi ya kawaida. Ya pampu haina tatizo hilo kwa sababu mkono wako ndio unaoendesha.

Mdau: Za kulinda nyumba je, 00 haitapita ukuta?

Jibu: Inapita kuta za mbao na bodi za jasi na upande wa pili bado inaua. Namba 4 inapungua nguvu mapema lakini nayo inapita. Kwa hiyo kabla ya kufikiria risasi fikiria nani amelala nyuma ya ukuta gani, na uelekeo upi hautapiga kamwe.

Mdau: Sheria inaruhusu kuwindia bakshoti?

Jibu: Inategemea ulipo na mnyama gani, sehemu nyingine ni marufuku kwa swala na paa. Waulize waliokupa kibali kabla hujanunua. Na nyama iliyozunguka jeraha ikate uitupe, kwa upana, madini ya risasi ni sumu na watoto ndio wanaumia zaidi.

Mdau: Nina risasi za zamani za mzee, kitako kimeota kijani, nyingine zimevimba. Nizimalizie tu kwenye karatasi?

Jibu: Usizipige. Zilizovimba zinaweza kukwama kwenye chemba, na baruti iliyoingia unyevu inaweza kusukuma nusu tu. Zipeleke kwa fundi au polisi wazipokee. Na hata kwa risasi mpya, ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida ACHA hapo hapo, mdomo wa mtutu ubaki umeelekea kwenye kingo, toa risasi zote, hakikisha chemba na magazini ni tupu, fungua, afu angalia kupitia mtutu kutokea upande wa chemba kama kuna kilichokwama. Na ukifyatua ikakataa kabisa, subiri angalau nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea huko huko ndipo ufungue.