Kuapudeti Koha maktaba ya chuo: hatua ninazofata mimi, pamoja na database za majarida zinazosahaulikaga

Wadau wa maktaba habari zenu. Kila likizo napokea meseji za wakutubi wenzangu wa vyuo vya kati kuhusu Koha, programu ya kuendeshea maktaba, swali ni lilelile, "dada, Koha yetu ni ya zamani naogopa kuigusa, nianzie wapi?" Nimechoka kuandika moja moja WhatsApp kwahiyo naandika hapa mara moja, we soma halafu uje na maswali.

Kwanza uelewe Koha haina mwenye duka wa kumpigia simu. Ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, wakaanza kuitumia Januari 2000 kwasababu mfumo wao wa zamani ulikuwa hauwezi kuvuka mwaka 2000, af wakaiachia watu wote bure, na neno lenyewe koha kwa Kimaori ni zawadi. Sasa zawadi ndo hivo, unapewa bure ila kuitunza ni juu yako. Toleo jipya linatoka kila Mei na Novemba na namba yake ni mwaka na mwezi, yaani 24.05 ni Mei 2024, 24.11 ni Novemba 2024. Kwahiyo ukiona yako inasema 19.11 ujue umelala sana.

Hatua ya 1: chagua siku, na hesabu mali yako

Usifanye wiki ya mitihani, usifanye siku wanafunzi wanarudisha vitabu kwa ajili ya clearance. Mimi nafanya Jumamosi asubuhi wakati wa likizo, na UPS (betri ya akiba) ya seva nimeijaribu kabla. Kuna mwaka umeme ulikatika katikati ya kazi na UPS ilikuwa imekufa kitambo ila hakuna aliyejua, tukarudi tukakuta programu zimesakinishwa nusu. Kilichotuokoa ni `sudo dpkg --configure -a`, inamalizia usakinishaji uliokatika, iandike hiyo pembeni.

Kabla hujagusa kitu, ingia Reports, tengeneza ripoti ya SQL, upate namba 4:

`SELECT COUNT(*) FROM biblio`
`SELECT COUNT(*) FROM items`
`SELECT COUNT(*) FROM borrowers`
`SELECT COUNT(*) FROM issues`

Hapo unapata vichwa vya vitabu, nakala, wanachama na vitabu vilivyoazimwa muda huo. Andika kwenye karatasi, ndio karatasi na peni, usiandike kwenye kompyuta ileile unayoenda kuifanyia operesheni. Andika pia toleo la sasa, utaliona kwenye ukurasa wa About Koha.

Hatua ya 2: bakapu, na hapa ndo naomba utulie

Kama maktaba yako ndani ya Koha inaitwa "maktaba" basi amri ni:

`sudo koha-dump maktaba`

Itakutengenezea mafaili mawili ndani ya `/var/spool/koha/maktaba/`, moja linaishia na sql.gz (hiyo ndo data yenyewe) na lingine tar.gz (mipangilio). Yote mawili yanahitajika. Nakili kwenye hard disk ya nje, toka nayo nje ya chumba cha seva.

Wengi wanasema "mimi bakapu ninayo, Koha inajifanyia yenyewe kila siku". Sawa, inajifanyia, lakini kwa kawaida inatunza za siku 2 tu zingine inafuta! Kwahiyo ukiharibu Jumamosi ukaja kugundua Jumatano, bakapu zote ulizonazo ni za data iliyoharibika tayari. Hii imewaliza watu.

Sasa chukua kompyuta yoyote ya zamani iliyoko stoo, weka Debian au Ubuntu na Koha ya toleo lilelile la seva yako, peleka yale mafaili mawili, halafu `sudo koha-restore` ikifuatiwa na jina la faili la sql.gz na la tar.gz. Ikifunguka na namba 4 zikalingana na za kwenye karatasi, hapo ndo una bakapu. Isipofunguka una mafaili tu.

ANGALIZO, na hili nimejifunza kwa aibu. Hiyo kompyuta ya majaribio ni Koha kamili, inajua emaili za wanafunzi wote. Mwaka wa kwanza nafanya hivi niliiacha imewashwa na intaneti ipo, data yake ilikuwa ya wiki 3 nyuma, ikaanza kutuma vikumbusho vya kuchelewesha vitabu kwa watu ambao walisharudisha zamani. Jumatatu nakuta foleni mlangoni, mmoja ananambia "Madam mimi kitabu nilikukabidhi wewe mwenyewe mkononi" na ni kweli. Kwahiyo toa waya wa mtandao kwanza, ndo urestoo, halafu `sudo koha-email-disable maktaba`, ndo urudishe waya.

Hatua ya 3: angalia neno stable

Fungua `/etc/apt/sources.list.d/koha.list`, faili linaloiambia seva ichukue Koha ya toleo gani. Kama mwisho wa mstari pameandikwa `stable main`, basi siku yoyote fundi wa IT akipita kuapudeti seva kwa nia njema, Koha nayo inaruka toleo bila wewe kujua. Mimi naweka namba ya toleo, mfano `24.11 main`, ili isitoke hapo mpaka niamue mwenyewe. Fanya kwanza kwenye kompyuta ya majaribio, ikikubali ndo uende kwenye seva.

Hatua ya 4: apudeti yenyewe

Hii ndo sehemu watu wanaiogopa na ndo fupi kuliko zote:

`sudo apt update`
`sudo apt install koha-common`

Ikikuuliza kuhusu faili la mipangilio kama ubaki na la zamani au uchukue jipya, baki na lako (N). Database inajipandisha yenyewe hatua kwa hatua, kama umetoka mbali itachukua muda, usibonyeze Ctrl+C kwasababu umeona kimya, kanywe chai. Ikimaliza:

`sudo systemctl restart memcached koha-common apache2`

Ukisahau memcached utaona vitu vya ajabu, ukurasa nusu mpya nusu wa zamani, utadhani umeharibu kumbe ni kumbukumbu za nyuma tu.

Hatua ya 5: faharasa

`sudo koha-rebuild-zebra -v -f maktaba`

Dalili ya kuiruka hii ni kwamba ukiskani bakodi kitabu kinatokea vizuri, ila mwanafunzi akitafuta kwa jina kwenye OPAC (katalogi ya mtandaoni) anaambiwa hakuna. Data ipo, kinachokosekana ni faharasa ya kutafutia.

Baada ya hapo rudia ripoti zile 4, linganisha na karatasi. Azima kitabu kimoja, kirudishe, lipia faini ya mfano, chapisha risiti, tafuta ISBN moja kupitia Z39.50 (njia ya kuvuta rekodi kutoka maktaba nyingine) uone rekodi za Library of Congress bado zinakuja.

Hatua ya 6: database za majarida

Hapa wengi wanafunga ofisi wanaenda nyumbani. Lakini mwanafunzi wa uuguzi hajali Koha ni toleo gani, anachotaka ni makala ya HINARI (majarida ya afya) ifunguke. Keti na orodha ya linki zote kwenye OPAC yenu ufungue moja moja, kwanza kwa mtandao wa chuo halafu kwa simu yako kwa bando lako mwenyewe, maana ndo wanafunzi wanavyosoma usiku hosteli. Utashangaa. Linki nyingi za zamani zinaenda HINARI peke yake au AGORA (ya kilimo) peke yake, wakati siku hizi zote, pamoja na OARE, ARDI na GOALI, unaingilia mlango mmoja wa Research4Life, mpango unaowapa vyuo vya nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu. Futa hizo za zamani, weka moja. AJOL (African Journals Online) iweke juu kabisa, majarida ya Afrika yamejaa mle na mengi unasoma bure.

Kuna wachapishaji wanaotutambua kwa anwani ya IP ya chuo. Chuo kikibadilisha kampuni ya intaneti IP inabadilika, na hakuna anayekumbuka kumwambia mtu wa maktaba. Andika `curl ifconfig.me` kwenye seva, linganisha na ile mliyoisajili. Ikiwa tofauti waandikie siku hiyohiyo, au mpitie kwenye muungano wenu wa maktaba (kwa Tanzania COTUL, Kenya KLISC).

Na paswedi ya Research4Life, ile ya taasisi, ibadilishe kila mwaka wahitimu wanapoondoka. Najua inazunguka kwenye magrupu, hata kwetu ilizunguka. Ila ni ya chuo, haitakiwi kutoka nje ya chuo, wakiona matumizi ya ajabu mnaweza kufungiwa wote. Mimi nimeacha kuibandika ukutani, mwanafunzi anakuja na kitambulisho dawatini nampa, na hapohapo namwonesha kwenye simu yake jinsi ya kuingia. Dakika 5 kwa kila mmoja, foleni inakuwa ndefu wiki ya kwanza, ya pili inaisha.