Jinsi ya kutafuta tabaka la volkano kwenye data ya laida

Volkano ikilipuka kwa nguvu, gesi yake ya salfa hufika stratosfea, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua, ambako hakuna mvua ya kuiosha. Ndani ya wiki chache hugeuka vitone vya asidi ya sulfuriki, na vitone hivyo huweza kuelea mwaka mzima na zaidi. Baada ya Pinatubo kulipuka Ufilipino, Juni 1991, wastani wa joto duniani ulishuka kwa takriban nusu digrii. Laida, kifaa kinachorusha mapigo ya leza angani na kupokea kwa darubini mwanga unaorudi, ndiyo inayotuambia vitone hivyo viko kimo gani.

Hatua ya 1: Pima usiku. Mchana mwanga wa jua humeza ishara dhaifu ya juu. Wingu zito likitanda, funga darubini.

Hatua ya 2: Geuza muda kuwa kimo. Kila mikrosekunde kati ya pigo la leza na mwanga unaorudi ni mita 150. Kilichorudi baada ya mikrosekunde 133 kimetoka kilomita 20 juu ya kifaa. Kumbuka kujumlisha kimo cha kituo: kile cha Maïdo, kisiwani Réunion, kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari.

Hatua ya 3: Ondoa kelele. Chukua wastani wa ishara ya mbali kabisa, kilomita 80 na kuendelea, uutoe kwenye data yote. Zidisha kinachobaki kwa mraba wa umbali. Unganisha mapigo ya saa moja au mbili.

Hatua ya 4: Linganisha na hewa safi. Hapa ndipo kazi yote ilipo, usiikimbilie. Kwa joto na kanieneo kutoka puto la hali ya hewa, kokotoa mwanga ambao molekuli peke yake zingerudisha. Kisha chagua kimo unachoamini hakina chembe, ulazimishe mistari miwili, wa ishara uliyopima na wa hewa safi uliyokokotoa, ikutane hapo. Ishara ikigawanywa kwa hewa safi ikatoa 1, hakuna kitu. Ikizidi 1, kuna chembe.

Wengi huchagua kilomita 30 kwa mazoea. Volkano ya Hunga Tonga, katika Pasifiki, ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022, wingu lake lilipanda zaidi ya kilomita 50, na siku chache baadaye laida za Réunion ziliona matabaka hadi juu ya kilomita 30. Ukikutanisha mistari ndani ya tabaka, unalifuta tabaka lenyewe, na kila kilicho chini yake kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Panda juu hadi uwiano utulie, ndipo uchague.

Hatua ya 5: Tofautisha majivu na vitone. Leza hutoka ikitetemeka upande mmoja. Kitone cha mviringo huurudisha mwanga karibu vilevile. Punje ya jivu yenye kona huuvuruga. Volkano ya Nabro, Eritrea, ilipolipuka Juni 2011, ilionyesha mvurugo mdogo: vitone vya salfa. Moshi wa moto wa misitu nao hufika huko juu, kwa hiyo fuata upepo kurudi nyuma hadi chanzo.

Hatua ya 6: Hakiki kwa setilaiti. CALIPSO, setilaiti yenye laida, ilifanya kazi 2006 hadi 2023, kwa mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 532 na 1064. EarthCARE, setilaiti nyingine yenye laida iliyorushwa Mei 2024, hutumia 355. Kama laida yako ni ya kijani, ya 532, badili kwanza thamani ziwe za rangi moja kabla ya kuzilinganisha.